Nani atalala na watoto? Kisa cha familia moja na kifungu cha 20, England

Kisa hiki kimetoka katika idara ya huduma za watoto ya halmashauri moja ya England. Majina, mji, tarehe na baadhi ya mambo ya familia vimeondolewa au kubadilishwa, na mama mwenyewe ameridhia kitumike kufundishia. Watoto nimewaita Binti na Mdogo. Nimewaandikia wazazi wa Kiswahili walioko huku, wakalimani wetu, na maafisa ustawi wa jamii wa nyumbani wanaotaka kujua wenzao wanafanyaje. Sheria inayozungumzwa, hasa kifungu cha 20 cha Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, kinachoiruhusu halmashauri kumpa mtoto makazi mzazi asipopinga, ni ya England. Scotland ina utaratibu wake tofauti, msije mkauchanganya na huu.

Usuli

Mama ni Mkongomani wa Kivu Kusini. Alikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na mume wake alifia hukohuko. Baadaye yeye na watoto wawili waliletwa Uingereza kwa mpango wa kuwahamishia wakimbizi nchi ya tatu. Wakati wa tukio Binti alikuwa na miaka 12, ameanza sekondari, na Mdogo alikuwa na miaka 5.

Mama alifanya kazi ya kufungasha bidhaa ghalani kupitia wakala, zamu ya saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mkataba haukumhakikishia saa zozote. Ukikataa zamu mara mbili, wakala hapigi simu tena. Kwa zaidi ya mwaka mwanamke mwenzake wa kanisani alikuwa akija kulala na watoto, naye akilipwa kidogo na kula hapohapo. Mwanamke yule alipohamia mji mwingine, mama alitafuta mwingine wa kumrithi, akakosa, akaendelea na zamu. Tangu hapo mtu mzima wa nyumba usiku alikuwa Binti.

Dalili zilikuwepo. Shule iliandika mara mbili kwamba Binti anasinzia darasani na anachelewa. Kliniki ilituma barua mbili za miadi ya Mdogo, zote kwa Kiingereza, na miadi yote miwili ikapita. Kila ofisi iliweka kumbukumbu yake kwenye faili lake. Hakuna aliyekwenda nyumbani kuuliza usiku kunakuwaje.

Jambo moja linawachanganya wazazi wengi. Sheria ya England haitaji umri ambao mtoto anaweza kuachwa peke yake. Watu wakisikia hivyo hudhani basi ni ruhusa. Lakini Sheria ya Watoto na Vijana ya mwaka 1933 inamtia hatiani mzazi anayemtelekeza mtoto kwa namna inayoweza kumdhuru, na shirika la kulinda watoto la NSPCC linashauri kwamba aliye chini ya miaka 16 asiachwe peke yake usiku kucha. Mama hakuwa amewahi kuambiwa hili. Kambini nyumba zinapakana, mtoto akilia jirani anasikia.

Usiku wa tukio

Mnamo saa nane usiku Mdogo aliamka na homa kali, akatapika mfululizo. Binti alimpigia mama simu mara nyingi bila kupokelewa. Ghala lile haliruhusu simu ndani, kwa hiyo ilikuwa kwenye kabati la wafanyakazi. Binti akagonga kwa jirani, jirani akapiga namba ya dharura, 999. Wahudumu wa ambulansi walipoona hakuna mtu mzima nyumbani, wakawaita polisi.

Polisi walitumia kifungu cha 46 cha Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, kinachowaruhusu kumweka mtoto mahali salama kwa muda usiozidi saa 72 bila amri ya mahakama. Mdogo alilazwa wodi ya watoto. Binti alipelekwa kwa mlezi wa kambo wa dharura, yaani mtu anayelea watoto wa wengine nyumbani kwake kwa niaba ya halmashauri, akafika alfajiri na begi la shule lenye nguo alizowahi kuzishika. Mama alipofungua kabati lake zamu ilipokwisha, alizikuta simu za mtoto zimejaa kwenye kioo. Aliingia wodini akiwa bado na kizibao cha njano cha kazini.

Saini ya asubuhi

Afisa ustawi wa jamii alikutana na mama katika chumba kidogo cha wodi, mkalimani akiwa kwenye simu. Simu ilikatika mara mbili. Mkalimani alikuwa na Kiswahili cha Nairobi, mama ana Kiswahili cha Uvira, wakawa wanaombana warudie.

Katika mazungumzo yale kuna swali moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoamua kila kitu. Afisa aliuliza, "Kesho usiku utakwenda kazini?" Mama akajibu, "Ndiyo, lazima niende." Kwenye faili iliandikwa kwamba mama haoni hatari iliyopo. Mama alikuwa anafikiria kodi ya nyumba. Hakuna aliyemwuliza kodi ni kiasi gani, wala ingekuwaje kama asingekwenda.

Baada ya hapo akapewa fomu ya kifungu cha 20. Kifungu hiki kinairuhusu halmashauri kumpa mtoto makazi bila kwenda mahakamani iwapo mzazi hapingi. Ni njia ya hiari. Mzazi anabaki na haki na wajibu wake wote, na kwa kifungu cha 20(8) anaweza kumchukua mtoto wake wakati wowote, bila kutoa taarifa mapema. Fomu ilikuwa kwa Kiingereza. Kumbukumbu ya afisa inasema alimweleza mama kwamba asiposaini, halmashauri italazimika kwenda mahakamani. Mama alisaini. Baadaye alisema alielewa amewatoa watoto kwa serikali, na kwamba akileta ubishi angerudishwa kambini.

Afisa naye tumtendee haki. Saa 72 zilikuwa zinahesabika. Polisi walikuwa wanataka kumhoji mama kuhusu kuwatelekeza watoto. Shule ilikuwa imepiga simu asubuhi hiyohiyo kusoma zile kumbukumbu zake mbili. Mezani kulikuwa na mtoto mgonjwa, mwenzake aliyechoka, na mzazi aliyesema atarudi kazini usiku unaofuata. Kuwaacha watoto waondoke naye bila mpango wowote kusingekubalika.

Wiki za kwanza

Sheria inaitaka halmashauri, kadiri inavyowezekana, iwaweke ndugu pamoja, karibu na kwao, na bila kuvuruga masomo. Wiki ile hapakuwa na mlezi mwenye nafasi mbili. Binti alibaki mjini. Mdogo aliporuhusiwa kutoka hospitali alipelekwa mji mwingine, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari.

Mambo ya kawaida ya mtoto aliye chini ya halmashauri yalifanyika, na mengi kwa wakati. Afisa aliwatembelea ndani ya wiki ya kwanza. Mpango wa masomo wa Binti ulianza kutayarishwa ndani ya siku 10 za kazi, ukisimamiwa na ofisi ya mwalimu mkuu ambaye kila halmashauri ya England inapaswa kuwa naye kufuatilia masomo ya watoto hawa. Shule ikapata fedha za nyongeza kwa ajili yake, na kwa mara ya kwanza akapewa mwalimu wa kumsaidia Kiingereza. Wote wawili walipimwa afya, na miadi ya Mdogo iliyopotea ikarudishwa. Huu ni upande ambao watu wetu hawausikii sana: baadhi ya vitu ambavyo watoto walivihitaji kwa miaka vilipatikana katika mwezi wao mgumu kuliko yote.

Mlezi wa Mdogo, mama wa Kiingereza wa makamo, alijitahidi. Alipiga simu ofisini kuuliza nywele za mtoto zinapakwa nini na zinachanwa zikiwa kavu au zimelowa. Swali dogo, lakini ukiona mlezi anauliza hivyo ujue mtoto yuko mikononi mwa mtu.

Saa za kuonana ndizo zilizokwenda vibaya. Mama alipewa mara mbili kwa wiki katika kituo cha halmashauri, akisimamiwa na mfanyakazi anayeandika kila kinachosemwa. Kwa kuwa mfanyakazi hakujua Kiswahili, mama aliambiwa azungumze Kiingereza na watoto. Kiingereza chake kilikuwa cha ghalani: boksi, haraka, mapumziko. Kwa hiyo alikaa kimya, akimlisha Mdogo ndizi alizokuja nazo. Ripoti ikasema mama "hachangamki na watoto." Sentensi hiyo ilinakiliwa kwenye nyaraka nyingine tatu kabla mtu hajauliza imetokana na nini.

Kikao cha kwanza cha mapitio

Kila mtoto aliye chini ya halmashauri lazima apitiwe na msimamizi huru, mtu asiyehusika na usimamizi wa kisa. Kikao cha kwanza hufanyika ndani ya siku 20 za kazi, cha pili ndani ya miezi 3 baada ya hapo, kisha angalau kila miezi 6. Safari hii mkalimani alikuwepo ana kwa ana, naye alitoka Bukavu.

Msimamizi alikuwa amesoma faili kuanzia ukurasa wa kwanza. Alikuta kwamba siku ile wodini mama alisema ana mdogo wake katika mji mwingine wa England. Afisa alifuatilia kwenye karatasi za ukimbizi, akaona majina ya wazazi hayalingani, akaandika kwamba taarifa ya mama haikuthibitishwa. Mlango ukafungwa hapo. Kweli hawakuzaliwa tumbo moja: mama zao ndio dada. Walilelewa nyumba moja, wakakimbia vita pamoja, na Binti amezoea kumwita mama mdogo tangu ajue kusema.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hata kisheria tofauti hiyo haikuwa kizuizi. Kifungu cha 22C cha sheria hiyohiyo ya 1989 kinaitaka halmashauri imtangulize ndugu, rafiki au mtu mwingine aliye karibu na mtoto kabla ya mlezi asiyemjua. Hakisemi lazima awe wa damu moja. Hata jirani anaweza kuwa.

Kisha mama akauliza swali alilokuwa nalo wiki zote hizo: "Nikitaka kuondoka nao leo, mtanizuia?" Chumba kikawa kimya. Msimamizi akamjibu ukweli wa sheria: hapana, saini yako si amri ya mahakama. Akamweleza pia kwamba kama halmashauri itaona watoto wako hatarini inaweza kuomba amri ya dharura, na kwamba ikifikia kumwandikia barua rasmi kabla ya kesi, atakuwa na haki ya mwanasheria bila malipo. Mama akanyamaza kidogo, akasema watoto wabaki mpaka mdogo wake awe tayari kuwapokea. Ukilisoma faili lote, huo ndio wakati wa kwanza ambapo aliridhia kitu kwa hiari yake.

Kikao cha ukoo

Halmashauri ikaitisha kikao cha familia. Utaratibu huu uliingia kwenye sheria ya New Zealand mwaka 1989, ukitokana na madai ya Wamaori, na sasa unatumika England sana. Maafisa wanaeleza wasiwasi wao, kisha wanatoka nje, familia inabaki peke yake kupanga. Kwa mtu wa Kivu au wa Kigoma hili halihitaji maelezo.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa kanisa, mkalimani mlangoni. Mjomba aliingia kwa WhatsApp kutoka Uvira na bibi mmoja kutoka kambini, mtandao ukikatika na kurudi. Mchungaji alijitolea kuwachukua watoto nyumbani kwake. Ni ukarimu, lakini msimamizi alikuwa ameshawatahadharisha: mtoto wa chini ya miaka 16 akiishi siku 28 au zaidi na mtu asiye mzazi wala ndugu wa karibu kwa tafsiri ya sheria, kwa makubaliano ya familia wenyewe, halmashauri lazima iarifiwe. Ndugu wa karibu kwa sheria hiyo ni bibi na babu, kaka na dada, shangazi, wajomba na wenzao kwa upande wa mama na baba, na wazazi wa kambo. Binamu wa mama hayumo. Makanisa na misikiti yetu inalea watoto wengi bila kujua hili.

Familia ilitoka na karatasi moja. Mama mdogo atawapokea wote wawili. Mama ataacha zamu za usiku. Mjomba atampigia Binti kila Jumapili. Kanisa litamtafuta mwanamke wa kulala nyumbani siku za dharura, na jina lake halmashauri itapewa.

Kwa mama mdogo, kisha nyumbani

Kanuni za mwaka 2010 za upangaji wa malezi zinaruhusu ndugu au rafiki kuidhinishwa kwa muda, hadi wiki 16, wakati uchunguzi kamili unaendelea. Nyumba ilikaguliwa, rekodi zikachunguzwa, na katika wiki ya saba watoto wakahamia kwake, pamoja. Gharama ilikuwa kwa Binti, kubadili shule. Afisa na shule walivutana juu ya hilo, na nadhani uamuzi ulikuwa sahihi: mtoto aliyekuwa na shule yake huku amepoteza mdogo wake hakuwa anasoma chochote.

Mama mdogo mwanzoni aliambiwa atapata "msaada wa nauli." Rafiki yake mmoja akamshauri aulize posho. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 2001 dhidi ya Manchester, mlezi wa kambo aliye ndugu hapaswi kulipwa pungufu kwa sababu ya undugu wake. Aliuliza kwa maandishi, akalipwa, pamoja na malimbikizo.

Polisi walifunga jalada bila mashtaka. Kwa mama, miezi ile ilikuwa ya madeni. Posho ya watoto ambayo serikali humlipa mzazi husimama mtoto akizidisha wiki 8 chini ya halmashauri, na zamu za usiku ameziacha. Ndipo halmashauri ikatumia kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto, kinachoiruhusu kumsaidia mtoto mwenye uhitaji na familia yake, hata kwa fedha taslimu: ikalipa sehemu ya deni la kodi na ikamwunganisha na kazi ya mchana katika jiko la shule.

Mdogo alirudi nyumbani katika mwezi wa tano tangu usiku ule. Binti alikataa. Alimwambia mtetezi wake wa haki, mtu ambaye kila mtoto wa aina hii anaweza kumwomba, "Sitaki tena kulala na simu mkononi." Aliamini pia kwamba yeye ndiye aliyewapeleka watu wa soshali, yaani maafisa ustawi wa jamii, nyumbani kwa kugonga kwa jirani. Mama alisafiri kwenda kumwambia mwenyewe kwamba kugonga kule kulimwokoa mdogo wake. Idhini ya mama mdogo iliongezwa wiki 8, kanuni inavyoruhusu, na Binti akarudi likizo ya kiangazi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni cha kibinadamu zaidi kuliko cha kiofisi: msimamizi aliyesoma faili lote, mkalimani aliyekaa chumbani, na familia iliyoachwa ijipangie. Hapo awali mama alikuwa mtu wa kuelezwa. Kuanzia kikao cha mapitio akawa mtu wa kuulizwa, na kuanzia hapo mambo yakasogea.

Kuhusu saini, mahakama zilishasema wazi. Mwaka 2015 jaji Sir James Munby, akiketi katika Mahakama ya Rufani, alieleza kwamba makubaliano ya kifungu cha 20 yanapaswa kuandikwa kwa lugha nyepesi, yataje haki ya mzazi kumchukua mtoto wakati wowote, na kama mzazi hajui Kiingereza vizuri yatafsiriwe, asaini yale ya lugha yake na kuandika kwa mkono wake kwamba ameyasoma na ameyakubali. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi dhidi ya Hackney, ilikumbusha kwamba mzazi lazima awe amemkabidhi mtoto kwa hiari ya kweli. Kumtajia mahakama mtu aliyekesha ghalani, kwa simu inayokatika, kunaiweka hiari hiyo mashakani. Mkalimani anayesoma haya ajue: una haki ya kusema simu haisikiki, na kwamba fomu isomwe yote kabla ya kalamu.

Kuhusu uhakiki wa mama mdogo, sitaki mtu atoke hapa akidhani maafisa wanatia chumvi wanapochunguza ndugu. Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8 kutoka Côte d'Ivoire, aliuawa London Februari 2000 akiwa mikononi mwa ndugu wa upande wa baba yake aliyemleta Ulaya. Ripoti ya Lord Laming ya mwaka 2003 ilionyesha ofisi nyingi zilizomwona na hazikuchukua hatua. Undugu peke yake haumlindi mtoto. Kosa katika kisa chetu lilikuwa kusimamisha uchunguzi pale karatasi zilipotofautiana, badala ya kupanda treni kwenda kumwona mwanamke mwenyewe.

Hoja yangu kubwa zaidi ni ya fedha. Watoto hawa waliingia chini ya halmashauri kwa sababu nyumba yao haikuwa na mtu mzima wa kulala nao. Kifungu cha 17 kilikuwepo asubuhi ileile. Wiki chache za kodi ya nyumba, pamoja na kupata jina la mwanamke mmoja kutoka kanisani, zingegharimu sehemu ndogo ya nyumba mbili za walezi wa kambo, kituo cha kuonana na madereva. Msaada huohuo ulitolewa mwishoni ili watoto warudi. Ungeweza kutolewa mwanzoni ili wasiondoke, na jibu la mama, "lazima niende," lilikuwa linauomba.

Halmashauri sasa ina fomu ya kifungu cha 20 kwa Kiswahili, na kituo cha kuonana kinamwita mkalimani badala ya kuwakataza wazazi lugha yao. Bado kuna pengo ambalo fomu haiwezi kuliziba. Kwa kuwa Binti alirudi kwa mama akiwa na miaka 13, hataingia kwenye msaada wa vijana waliotoka kwenye malezi, ambao unahitaji mtu awe amekaa chini ya halmashauri angalau wiki 13 tangu atimize miaka 14, na sehemu ya muda huo iwe baada ya kutimiza 16. Zile fedha za nyongeza za shule nazo huendelea kwa mtoto aliyeasiliwa au aliyekabidhiwa kwa ndugu kwa amri ya mahakama, na husimama kwa aliyerudi kwa mzazi wake. Shule yake ilimlipia yule mwalimu wa Kiingereza kutoka mfuko wake hadi mwisho wa muhula mmoja.